Yangambi na Madaftari ya Dublin

Yangambi iko ukingo wa kulia wa Mto Kongo, kilomita kama 100 ukiteremka kutoka Kisangani, katika nchi ya Waturumbu na Walokele. Michikichi ndiyo iliyoipa sifa. Mwaka 1922 Mbelgiji aitwaye Ringoet alichukua mbegu za mchikichi uliosifika katika bustani ya Eala, karibu na Mbandaka ya leo, akaziotesha hapa. Desemba 1933 Wabelgiji wakaunda taasisi ya utafiti wa kilimo wa koloni lao, INEAC, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu: maabara, maktaba, mashamba ya majaribio na nyumba za wataalamu zilizopangwa juu ya mto.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1935, serikali ya Ireland iliunda tume ya kukusanya simulizi za wananchi wake. Nchi hiyo ilikuwa imejitoa mikononi mwa Waingereza mwaka 1922, na lugha yake ya asili ilikuwa ikizidi kuwaponyoka wazungumzaji. Mkuu wa tume alikuwa Séamus Ó Duilearga, mhariri wa jarida la Béaloideas lililoanza mwaka 1927. Naziweka taasisi hizi mbili pamoja kwa sababu zilikuwa na hofu ile ile, kwamba kisichoandikwa leo kesho hakitaonekana. Hofu moja ilikuwa ya miti, nyingine ya watu.

Waireland walifanya jambo ambalo hadi leo linanishangaza kwa urahisi wake. Kati ya 1937 na 1939 waliwapa madaftari watoto wa shule za msingi zipatazo 5,000. Mtoto alirudi nyumbani, akamuuliza babu au jirani mzee juu ya dawa za mitishamba, visima vitakatifu, michezo, misiba, hata njaa kuu ya miaka ya 1840, kisha akaandika aliyoyasikia pamoja na jina la msimulizi. Kurasa zilipita 700,000. Leo ziko Chuo Kikuu cha Dublin, UCD, na UNESCO imeuingiza mkusanyo wa tume hiyo katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Yangambi nayo haikulala. Kuanzia 1937 hadi 1958 waangalizi walizunguka msituni wiki hadi wiki wakiandika mti gani umechanua, upi umezaa, upi umepukutisha majani. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walichapisha, katika mfululizo wa vitabu vya INEAC, ugunduzi ulioibadilisha biashara ya mawese duniani: mchikichi wenye kokwa nene ukipandishwa na ule usio na gamba la kokwa, huzaliwa mti wa gamba jembamba wenye nyama na mafuta mengi. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yanasimama juu ya matokeo hayo. Mwaka 1948 likatoka juzuu la kwanza la kitabu cha mimea ya Kongo, Rwanda na Burundi. Mwaka 1956 wataalamu wa mimea walikutana hapa wakakubaliana namna ya kuzipanga aina za uoto wa Afrika nzima. Mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ilifikia kama 150,000. Hata Kagera, nchini Tanzania, wakulima hupanda mgomba uitwao Yangambi Km5, unaostahimili ugonjwa wa sigatoka nyeusi.

Na watu? Huwezi kusema hawakuandikwa kabisa. Mmishenari John Carrington wa Yakusu, upande wa juu wa mto, alikaa na Walokele mpaka akaelewa ngoma zao za magogo zinavyosema. Kilokele huenda kwa sauti ya juu na ya chini, na gogo lililochongwa lina sauti hizo mbili. Lakini maneno mengi mafupi yana mlio mmoja, kwa hiyo mpigaji hulirefusha neno kuwa msemo mzima ili lisichanganywe na jingine. Kitabu chake juu ya magogo hayo kilitoka mwaka 1949. Kizuri, ila ni cha mtu mmoja, na kiliandikwa kwa Kiingereza.

Baada ya uhuru wa Kongo INEAC ilikwisha, kazi zake zikarithiwa na taasisi ya kitaifa, INERA. Mwaka 1976 msitu ukatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya binadamu na viumbe hai. Vita na ukata vilipita. Karatasi nyingi zilisalia. Miaka ya karibuni yale madaftari ya miti yamenakiliwa kwenye intaneti na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, kama yanavyonakiliwa yale ya watoto wa Ireland.

UCD, chuo kile kile cha Dublin, kimetutendea jema sisi Wakongo pia. Mwaka 1903 Roger Casement, mzaliwa wa Dublin aliyekuwa konseli wa Uingereza, alipanda mto huu, ingawa hakufika kwetu, akaandika ushahidi wa wanavijiji waliotendewa unyama kwa ajili ya utomvu wa mpira. Ripoti ilipochapishwa mwaka 1904, serikali ya Uingereza iliyaondoa majina ikaweka herufi. Mwaka 2003 Séamas Ó Síocháin na Michael O'Sullivan waliichapisha upya kwa mkono wa UCD, majina yakarudishwa mahali pake. Kazi hiyo inaonyesha kwamba mtafiti wa historia ya kwao anaweza kumtendea haki Mkongo pia.

Sasa neno langu kwa walimu wa Yangambi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kisangani. Wazee walioajiriwa na INEAC wakiwa vijana wamebaki wachache, na wapiga magogo ni wachache zaidi. Madaftari ya shule yanapatikana sokoni, na kila darasa lina mtoto mwenye babu. Waulizeni mwaka huu, andikeni kwa Kiswahili, Kilingala, Kilokele na Kiturumbu, na jina la kila msimulizi liwekwe juu ya ukurasa wake.