Maktaba Iliyo Jirani na Msikiti

Aendaye kuswali Msikiti wa Jamia, Nairobi, huona karibu yake jumba la mawe ya kijivu, lina nguzo nene mbele na simba wawili wa mawe mfano wa walinzi. Hiyo ndiyo Maktaba ya McMillan. Wengi wetu huipita tukiwahi sala, wala hatuulizi habari zake, nazo zina mafunzo.

Sir Northrup McMillan alikuwa tajiri mzaliwa wa Marekani aliyelowea Kenya, akafariki mwaka 1925. Mkewe, Lady Lucie, alikusudia kumkumbuka kwa jambo la kudumu, akajenga nyumba ya vitabu iliyofunguliwa mwaka 1931. Ilijengwa kwa namna ya mahekalu ya kale ya Wayunani, ili atazamaye aone utukufu wa elimu. Kutoa mali kwa ajili ya vitabu ni kitendo chema, nasi hatumpunji mtu haki yake.

Lakini mlango ule haukuwa wa wote. Walioruhusiwa kusoma ni Wazungu tu. Mwafrika, hata akiwa mwalimu, na Mhindi, hata akiwa wakili, walizitazama nguzo kwa nje. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1958, na mwaka 1962 maktaba ikakabidhiwa Baraza la Jiji.

Sasa zingatieni, ndugu zangu. Msikiti wa Jamia nao ulijengwa baina ya 1925 na 1933. Majengo mawili ya zama moja, jirani kwa jirani: kwenye moja mtu alitazamwa rangi yake mlangoni, kwenye la pili tajiri na hamali walisimama safu moja, bega kwa bega.

Siku hizi hapana aulizwaye rangi. Tangu mwaka 2018 shirika la Book Bunk, pamoja na serikali ya Kaunti ya Nairobi, limeshughulikia kuikarabati maktaba hiyo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Basi tusiwalaumu wa kale tukajisahau. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ni ya kusoma. Je, vitabu vya wazee wetu vilivyofungiwa makabatini, vikiliwa na mchwa, vina mlango gani? Na binti anayeambiwa kwamba chuo kimemtosha, ni nani aliyemfungia? Simba wa mawe hawamzuii mtu. Wazuiao ni sisi.

Wabillahi tawfiq.