Mwalimu wa Bagamoyo katika Mji wa Berlin

Mwaka 1887 kilifunguliwa Berlin Chuo cha Lugha za Mashariki, ili Wajerumani waendao ng'ambo wajue lugha za nchi watakazozitawala au kufanya biashara nazo. Kiswahili kilifundishwa na mtaalamu wa Kijerumani akisaidiwa na mwenye lugha. Mmoja wa wasaidizi hao, aliyefika mwaka 1900, alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo.

Kamusi humpa mgeni maneno. Haimwelezi jinsi ya kumwamkia mzee, kuposa wala kuhani msiba. Mambo ya namna hiyo yamo katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Walipofika Dar es Salaam mwaka 1905, serikali ya kikoloni ilikataa mkewe asishuke, naye hakukubali kumwacha. Wakarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Basi atakaye leo kujua unyago, ndoa na utumwa wa Mrima wa zamani, husoma kwa huyo aliyefungiwa mlango wa kwao.