Kewa ya Mhunzi

Fundi wa bati alehemupo koroboi hukosi kuona kitambaa kilicholowana maji karibu naye. Lehemu yake, mchanganyiko wa bati na risasi, ikipimwa sawasawa huyeyuka kwa joto la digrii 183 tu. Kiungo cha kwanza kikiisha kushika, cha pili hutiwa moto kando yake, na joto hupita upesi katika bati. Asipokizungushia kile cha kwanza kitambaa kibichi, kitafunguka naye akiona.

Kazi hii ya madebe ni changa katika milima ya Usambara. Reli ya Tanga ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905, na bidhaa za chuma na bati kutoka ng'ambo zikazidi kupanda njia ya Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Lakini shida yenyewe, yaani kukitia moto kitu kimoja bila kukiunguza kilicho jirani yake, ni ya kale mno kuliko reli. Kifungilo, mahali panapojulikana leo zaidi kwa shule yake ya wasichana, na Vugha, ambako Krapf alimzuru mfalme Kimweri mwaka 1848, ni nchi ya miteremko na migomba, wala hailimiki bila chuma. Na chuma hakikupatikana bila mvukuto.

Wahunzi waliosifika kupita wote upande ule ni Washana wa Ugweno, katika milima ya Upare. Masimulizi husema kwamba ukoo huo ulitawala Ugweno mpaka ulipopinduliwa na Wasuya. Katika Upare watu walikusanya mchanga mweusi wenye chuma, wakauyeyusha kwa makaa ya miti katika tanuri za udongo. Moto wa namna hiyo hupita digrii 1,100. Mivukuto, kwa upande wake, ilikuwa mifuko ya ngozi ya mbuzi yenye vijiti na mirija ya miti: ngozi hujikunja kwa joto dogo tu, na mti huanza kuwa makaa kabla ya digrii 300. Basi ilikuwaje pumzi iingie motoni na kinachoipuliza kisiungue?

Kati yao iliwekwa kewa, bomba la udongo lililokaushwa vema. Ncha yake moja iliingizwa motoni ikaachwa iteketee. Nyingine, yenye mdomo mpana, ilipokea mirija ya mivukuto. Uzuri wa kazi ulikuwa hapo mdomoni. Mara nyingi mirija haikukazwa wala kuzibwa kwa udongo, bali iliachiwa nafasi. Mtu asiyejua angedhani ni uzembe, kwa kuwa upepo mwingine ulipotea. Lakini mfuko unapofunguliwa ili ujae tena huvuta hewa, na kama mirija ingezibwa barabara ungevuta ndimi za moto mpaka ndani ya ngozi. Ile nafasi iliuwezesha kuvuta hewa baridi ya nje. Mhunzi alikubali kupoteza pumzi kidogo ili asiupoteze mvukuto wote.

Kewa haikudumu. Ikiisha kuliwa na moto ilitupwa pamoja na mavi ya chuma, na nyingine ikafinyangwa. Mivukuto ilitunzwa, ikashonwa ilipopasuka, hata hivyo mingi imeoza. Tanuri nyingi nazo zimebomoka. Vilivyobaki ardhini kwa wachimbuzi wa mambo ya kale ni vile vilivyotupwa, na kipande cha kewa kina habari nyingi: upande mmoja umeyeyuka ukang'aa kama chupa, upande wa pili ni udongo mwekundu tu, na mahali rangi inapobadilika ndipo ulipokuwa ukuta wa tanuri. Kwa kupima toka hapo hadi nchani hujulikana mhunzi aliisukuma kewa yake motoni kwa kadiri gani.