Hewa nyepesi ya nyanda za juu na hesabu ya rubani mwanafunzi

ANAYETAKA leseni ya urubani wa kibinafsi nchini Kenya sharti awe ametimiza umri wa miaka 17, awe na cheti cha afya cha daraja la pili na afaulu mitihani ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA). Darasani hufunzwa sheria za anga, hali ya hewa, uelekezaji wa safari, mawasiliano ya redio na uwezo wa ndege.

Somo hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa mwanafunzi atakayeruka katika anga ya Juja, Ruiru na Thika.

Mji wa Juja uko takribani futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ambako shule nyingi za urubani ziko, umeinuka zaidi, takribani futi 5,500. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua uzito, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Mabawa, rafadha na injini hutegemea uzito huo wa hewa.

Marubani hupima athari hiyo kwa hesabu rahisi. Katika hali ya wastani, joto huwa nyuzi 15 za sentigredi pwani na hupungua kwa takribani nyuzi mbili kila futi 1,000. Hivyo, kwenye kimo cha Juja wastani ni nyuzi tano. Kila nyuzi inayozidi wastani huongeza takribani futi 120.

Tuseme ni adhuhuri na joto la Juja ni nyuzi 25. Ziada ni nyuzi 20, sawa na futi 2,400. Kwa hiyo ndege hufanya kazi kana kwamba iko kwenye kimo cha futi 7,400. Mombasa, kukiwa na joto la nyuzi 30, hesabu hiyo hutoa futi 1,800 pekee. Ubaridi wa bara usimhadae mwanafunzi.

Kwenye kimo hicho cha futi 7,400, uzito wa hewa hupungua kwa karibu sehemu moja kwa tano. Injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza nguvu. Kipima mwendo kikionyesha kilomita 100 kwa saa, mwendo halisi ni takribani kilomita 112. Ndege basi hukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kupaa, kisha hupanda polepole.

Hatari huja rubani anapoona mwisho wa njia unakaribia, akaivuta ndege juu kabla haijapata mwendo wa kutosha. Mabawa hupoteza nguvu ya kuinua, nayo ndege huanguka ikiwa karibu mno na ardhi kuweza kuokolewa.

Kinga yake hufunzwa darasani. Mwanafunzi husoma majedwali ya kitabu cha ndege kabla ya kila safari, hupunguza abiria, mizigo au mafuta ya ziada bila kugusa akiba inayotakiwa, hurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa kwa kufuata kitabu hicho, na huchagua saa za asubuhi kungali baridi.

Majedwali yakionyesha kwamba njia haitoshi, safari huahirishwa.