Bata bukini wa kufugwa

Bata bukini wa kufugwa wanatokana na spishi mbili za porini: Anser anser wa Ulaya na Asia, na Anser cygnoides wa Asia ya Mashariki. Anayeanza kuzitambua aina zao atazame kwanza shina la mdomo. Mwenye nundu hapo ana damu ya Asia. Wa Ulaya hana.

Kati ya wenye nundu, bukini wa China ni mwembamba, ana shingo ndefu, na hutaga mayai mengi kuliko aina nyingi. Bukini wa Afrika, ambaye pia asili yake ni China, ni mzito zaidi na ana ngozi inayoning'inia chini ya kidevu. Kwa wa Ulaya, Embden ni mweupe mtupu na Toulouse wa Ufaransa ni wa kijivu, lakini rangi pekee haitoshi: hata bukini wa China wako weupe. Aina ya Pilgrim humrahisishia mfugaji kazi ya kutambua jinsia, kwa kuwa dume ni mweupe na jike ni kijivu.

Chakula chao kikuu ni majani mabichi. Bwawa si lazima. Muhimu ni maji yenye kina cha kuzamisha kichwa, ili wasafishe macho na pua. Mayai huanguliwa baada ya siku 30 hivi. Vifaranga wanahitaji joto, sakafu isiyoteleza na vitamini ya niasini ya kutosha, la sivyo miguu hupinda. Bukini mmoja asifugwe peke yake, hunyong'onyea.