Kriketi ya Kenya Haikuuliwa na Kupoteza Mechi

Kriketi ya Kenya ikitajwa, huwa kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inauliza, "Kwani sisi huwa tunacheza kriketi?" Ya pili, mara nyingi ya watu wa rika la wazazi wetu, inajibu mbio: "Tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, heshimu hiyo jezi!" Stori inaishia hapo. Swali la katikati haliulizwi: timu inatoka aje nusu fainali ya dunia hadi mahali vijana wa nchi yake hawajui kama iko?

Maoni yangu ni haya. Hatukuangushwa na kupoteza mechi. Tuliangushwa na kushinda bila kujenga.

Kwa wale wageni wa huu mchezo, ODI ni mechi ya siku moja kati ya mataifa. Kila timu inarushiwa ova 50, na ova moja ni mipira sita, yaani una mipira 300 ya kutafuta mikimbio. Lakini si kila mechi ya aina hiyo huitwa ODI. ICC, wale wanaosimamia kriketi duniani, ndio hupeana hiyo hadhi. Ukiwa nayo, uko mezani na wakubwa. Ukiikosa, unacheza na wadogo wenzako na hakuna mtu anaangalia.

Sisi tuliingia mezani 1996, na tukaingia kwa kishindo. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, India, Kenya ilitolewa kwa mikimbio 166 tu. Wapinzani walikuwa West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979, wakiwa na Brian Lara. Wakatolewa wote kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe ndiye alitajwa mchezaji bora wa mechi. Miaka miwili baadaye, kule Gwalior, tukawapiga India wenyewe nyumbani kwao kwa mikimbio 69, na Odumbe akachangia 83.

Sasa tukuje 2003. Kuna watu husema ilikuwa bahati kwa sababu New Zealand walikataa kuja Nairobi wakihofia usalama, tukapewa pointi za bure. Ni kweli, hizo pointi zilitusaidia sana, na hatuna haja ya kuficha. Lakini hebu hesabu zile zingine. Tuliwapiga Canada. Tuliwapiga Bangladesh. Tuliwapiga Zimbabwe kwa wiketi saba. Na tarehe 24 Februari, hapa Nairobi Gymkhana, tuliwapiga Sri Lanka, mabingwa wa 1996, kwa mikimbio 53. Collins Obuya, kijana wa miaka 21, alitoa wapigaji watano siku hiyo. Hiyo bahati ilikuwa imefanya mazoezi, manze.

Nusu fainali tukapoteza kwa India kule Durban, kwa mikimbio 91. Hakuna aibu. Hadi leo, Kenya ndiyo nchi pekee isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test, zile za siku tano, iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ODI.

Halafu? Hapa ndipo inauma.

Mwaka 2004, timu iliyotoka nusu fainali ilicheza mechi mbili za ODI. Mbili! Mwaka 2005 haikucheza hata moja. Wakubwa hawakutualika, na sisi nyumbani tulikuwa tunachomeka. Wachezaji waligoma juu ya malipo. Odumbe alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kushirikiana na watu wa kamari. Chama cha zamani kikavurugika hadi kikaondolewa, na 2005 kikaundwa kingine kipya, Cricket Kenya. Wakati dunia ilikuwa inatuangalia, sisi tulikuwa kwa mikutano.

Lakini hata kabla ya hizo drama, kulikuwa na shida kubwa zaidi, na ushindi ndio uliificha. Soma majina ya timu ya miaka hiyo: Tikolo, Odumbe, Suji, Obuya. Karibu kila jina lina ndugu wawili au watatu waliochezea Kenya. Ni stori tamu ya familia, lakini pia ni onyo. Inamaanisha timu ya taifa ilikuwa inatoka kwa nyumba chache na klabu chache za Nairobi, kama Swamibapa, Sir Ali na Gymkhana. Mtoto wa Kakamega, Garissa ama Nyeri angejulikana aje? Kisima kilikuwa na maji matamu, lakini hakuna mtu alichimba cha pili.

Angalia wenzetu. Mwaka 1997, fainali ya ICC Trophy kule Kuala Lumpur, Bangladesh walitushinda kwa mpira wa mwisho kabisa. Tulikuwa sawa hivyo. Mwaka 2000 wao wakapewa hadhi ya Test. Utasema wako na mashabiki mamilioni, na uko sahihi. Sawa, tuchukue Ireland basi, nchi ambayo kriketi si mchezo wake mkubwa. Mwanzoni mwa 2007 walikuja hapa Nairobi kwa mashindano ya timu sita. Kenya ilichukua kombe, Ireland wakawa namba tano. Machi mwaka huo, hao hao Ireland wakawaondoa Pakistan kwa Kombe la Dunia. Walirudi nyumbani, wakatumia ushindi huo kutafuta pesa, kuwapa wachezaji kandarasi na kujenga timu za vijana. Miaka kumi baadaye, 2017, wakapata Test.

Sisi 2011 tulipoteza mechi zote sita za Kombe la Dunia. New Zealand walitutoa kwa 69 na wakamaliza kazi kwa ova nane. Aliyetuokoa uso mwaka huo alikuwa Obuya yule yule wa 2003, akipiga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Na akaendelea kuchezea Kenya hadi akapita miaka 40. Tunaweza kumpigia saluti, na anastahili. Lakini jiulize pia: mbona shujaa wa 2003 bado alihitajika miaka ishirini baadaye? Wale wa kumpokea kijiti walikuwa wapi?

Januari 2014, kule New Zealand, tulicheza mechi ya kufuzu na Scotland, tukapoteza. Hiyo ndiyo ODI yetu ya mwisho. Hadhi ilienda, na haijarudi. Mwaka 2018 tukamaliza mkiani Windhoek, nahodha, kocha na mwenyekiti wakajiuzulu. Na 2024 Uganda, majirani zetu waliokuwa wanatuita kaka wakubwa, ndio walienda Kombe la Dunia la T20 na hata wakashinda mechi. Sisi tuliangalia kwa simu.

Kwa hivyo mashabiki wakianza tena kubishana kama 2003 ilikuwa bahati ama uwezo, mimi nasema tubadilishe swali. Uwezo ulikuwepo. Kitu hakikuwepo ni ngazi: shule nyingi zenye kiwanja, ligi za mashinani, mishahara inayolipwa kwa wakati, na viongozi wanaofikiria miaka kumi mbele badala ya uchaguzi ujao.

Na usidhani hii ni stori ya kriketi peke yake. Mchezo wowote hapa nyumbani ukianza kushinda, huwa tunapiga picha na mashujaa, tunawapeleka Ikulu, tunatulia. Wakati wa kuuliza nani anafuata ni wakati huo huo wa kusherehekea. Ukingoja hadi uanze kupoteza, umechelewa. Kriketi ilitulipia karo ya hilo somo. Swali ni kama tulienda darasani.