Je, kreatini huongeza akili ya vijana wenye afya?

KREATINI ni kemikali ambayo mwili hujitengenezea kwenye ini, figo na kongosho, kiasi cha gramu 1 hivi kwa siku. Nyingine hutokana na nyama na samaki. Takriban asilimia 95 hukaa misulini. Kiasi kidogo huwa ubongoni, ambako husaidia seli kurejesha nishati upesi. Ndipo likazuka wazo kwamba unga wake, unaopendwa na wanyanyua uzani, huenda ukanoa akili pia.

Kwa mwanafunzi wa Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, anayekula ugali, sukuma wiki na maharagwe juma zima, swali hili si la anasa. Vyakula hivyo havina kreatini ya kutajika.

Mwaka 2003 watafiti wa Australia waliwapa vijana 45 wasiokula nyama gramu 5 kila siku kwa majuma sita, kiasi kinachopatikana katika zaidi ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe. Kumbukumbu yao iliimarika, na pia alama zao katika jaribio la Raven, ambalo hupima uwezo wa kufumbua mafumbo ya michoro. Matumaini hayo hayakudumu. Utafiti wa 2008 kuhusu vijana 22, waliopewa kiasi kidogo zaidi, haukuona tofauti yoyote. Mwingine wa Ujerumani, uliochapishwa 2023 na kuhusisha watu 123, ulionyesha manufaa madogo mno, ikiwa yapo; wala wasiokula nyama hawakunufaika kuliko wenzao. Mwaka 2024 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliamua kuwa uhusiano huo haujathibitishwa.

Ushahidi wa Kenya kwenyewe wahusu chakula, si unga. Kuanzia 1998, watafiti waliwapa wanafunzi wa shule 12 za msingi, Embu, githeri yenye nyama, maziwa au mafuta. Kundi moja halikupewa chochote. Waliokula nyama waliwapita wengine wote katika jaribio lilo hilo la Raven. Hata hivyo, hao walikuwa watoto wenye upungufu wa lishe, na nyama ina madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Kuipa kreatini sifa hiyo ni kukurupuka.

Unga huo waweza pia kupandisha kipimo cha kreatinini katika damu hata figo zikiwa nzima, hivyo anayeutumia hana budi kumjulisha daktari kabla ya kupimwa.